Los Angeles hadi Sacramento kwa treni: nilivyosafiri na mama

Mama alitoka Pangani Agosti kuja kunitembelea, akatua Los Angeles. Mimi naishi Sacramento. Nilikuwa nimepanga tupande na gari la kukodi taratibu ili aione California, lakini kampuni niliyoweka oda ilinibadilishia bei nikiwa tayari kaunta. Nikaghairi, nikakata tikiti mbili za treni ya Coast Starlight.

Inaondoka asubuhi, mnamo saa nne. Ni treni ya ghorofa: siti nyingi ziko juu, vyoo viko chini, na ngazi ni nyembamba yenye kona. Mama ana shida ya magoti, kwa hiyo niliomba siti za chini tangu nakata tikiti. Ukisafiri na mzee, usisahau hilo. Miguu inanyooka vizuri, basi la mikoani haliingii hata kidogo.

Uhondo wenyewe uko kwenye behewa la mandhari, ambalo vioo vyake vinapinda mpaka darini. Halina siti za kupangiwa, anayewahi ndiye anayekaa. Tulipanda polepole, mama kashika chuma, mimi nyuma yake. Alipokaa, hakutaka tena kushuka.

Ukielekea kaskazini kaa kushoto. Kuanzia Ventura reli inaifuata bahari, visiwa vya Channel vikionekana kwa mbali, na upande wa pili vilima vya nyasi kavu rangi ya simba, maana huku mvua ni za majira ya baridi. Mbele kidogo, ndani ya eneo la kijeshi la Vandenberg wanakorushia roketi, hakuna barabara kuu inayofuata ufuko. Ni mawimbi, miamba na sisi.

“Mwanangu, bahari yote hii na hata ngalawa moja sioni?”

Nikamweleza kwamba maji haya ni baridi hata Agosti, mkondo unayaleta kutoka kaskazini, na mawimbi yake si ya ngalawa. Akajifunga khanga vizuri mabegani, kama vile baridi ya maji imemfikia.

Baada ya San Luis Obispo treni inapanda mlima wa Cuesta. Inakata kona kali kama kwato ya farasi, hadi unaliona behewa lako la mwisho likikufuata ng'ambo ya bonde. Mama alinikamata mkono. Kisha bonde la Salinas, letasi na stroberi mpaka macho yachoke, wavunaji wameinama. Hapo alinyamaza kabisa, paji la uso kwenye kioo. Amelima maisha yake yote.

Oakland tulipita usiku, Sacramento tukashuka karibu saa sita. Kwenye jukwaa akauliza treni inakwenda wapi tena. Nikamwambia Seattle, na kwamba alfajiri abiria wataanza kuutazama mlima Shasta, mita 4,322.

“Kwa hiyo sisi tumeshukia njiani?”