Filamu 14 za Bruce Willis ndani ya wiki sita: ni kweli hakuwa akijituma?

Ubishi ulianzia sebuleni kwangu, Jumapili mchana, sahani zikiwa bado mezani. Mdogo wangu alikuwa anamtazama Tom Cruise akiparamia jengo la Burj Khalifa kule Dubai, akageuka akaniambia, "Kaka, steringi anayejituma ni huyu. Siyo yule Willis wako, anakuja, anakunja uso, anachukua hela yake, anaondoka."

Nilitaka kumjibu papo hapo nikashindwa, kwa sababu maneno yale niliwahi kuyasema mimi mwenyewe. Mwaka 2021 nilikwenda kwenye duka la kuwekewa muvi kwenye flashi nikachukua tatu kwa mpigo, zote uso wa Bruce Willis umejaa kwenye kava, bastola mkononi. Nikazitazama zote usiku mmoja. Katika kila moja alionekana dakika chache tu: mara amekaa kwenye kiti, mara anaongea na simu, mara kasimama mlangoni wakati vijana wengine wanapigana. Nilihisi nimeibiwa. Kwa muda mrefu kila aliyeniuliza habari zake nilimjibu kwamba jamaa amechoka, siku hizi anauza sura.

Safari hii niliamua kumtendea haki. Nililipia mwezi na nusu wa huduma ya filamu mtandaoni, zilizokosekana nikazitafuta kwenye DVD, nikatazama 14 kwa kufuata miaka, daftari likiwa pembeni. Zile tatu za 2021 zimo pia.

Die Hard ya 1988 niliiona mara ya kwanza Morogoro, mwishoni mwa miaka ya tisini, kwenye kibanda cha video chenye mabenchi ya mbao na mkanda uliochoka hadi picha inaonyesha chenga. Sisi watoto wa kibandani tulikuwa na kanuni zetu. Steringi hafi. Steringi haogopi. Steringi akipigwa risasi anajifunga kitambaa, kazi inaendelea. Arnold Schwarzenegger tulimwita Komando, na Sylvester Stallone alikuwa Rambo hata kwenye picha ambazo hakucheza Rambo. Halafu linaanza hili picha, na mtu wa kwanza tunayemwona yuko ndani ya ndege, amekamata mkono wa kiti kwa nguvu kwa sababu anaogopa kupaa. Kibanda kizima kiliguna. Mtu mzima mmoja nyuma yangu akasema huyu hawezi kuwa steringi, subirini, steringi anakuja.

Ndiye aliyekuwa steringi. Na nilipoirudia sasa, nikiwa na umri mkubwa kuliko ule aliokuwa nao yeye alipoicheza, nimeona kazi ambayo utotoni iliniponyoka. John McClane, polisi anayechezwa na Willis ndani ya jengo lililotekwa na majambazi, yuko peku. Kiongozi wa majambazi, aliyechezwa na Alan Rickman katika filamu yake ya kwanza kabisa, analigundua hilo na kuamuru vioo vipigwe risasi ili sakafu ijae vipande. McClane anapita juu yake. Baadaye anajiburuta hadi chooni, miguu inamwaga damu, anachomoa kipande kimoja kimoja, na huku anaongea kwa redio na polisi aliyeko nje ambaye hata sura yake haijui. Anamwomba polisi yule, ikitokea amekufa, amtafute mkewe amwambie kwamba anaomba radhi. Sauti inakatika katikati ya sentensi. Hampigi mtu, hakimbii, hakuna kinacholipuka. Nimerudisha kipande hicho mara nne. Katika picha zote za kupigana nilizozitazama kibandani, hakuna steringi mwingine niliyemwona amevunjika namna ile mbele yetu kisha akasimama tena.

Watu wanaosema hakujituma wakumbuke pia mwili wake ulilipa nini. Bunduki zilizotumika zilikuwa na risasi za sauti tu, lakini sauti yenyewe ilikuwa kubwa mno, na ile aliyoifyatua akiwa chini ya meza ilimwondolea sehemu kubwa ya uwezo wa kusikia kwa sikio la kushoto, hadi leo. Kipindi hichohicho alikuwa bado na mkataba wa tamthilia ya televisheni ya Moonlighting, kwa hiyo kuna siku alizofanya kazi ya tamthilia mchana na usiku akaenda kwenye jengo la Fox Plaza, Los Angeles, kuendelea na filamu. Alilipwa dola milioni 5, na Hollywood nzima ilishangaa, maana alikuwa mtu wa vichekesho vya televisheni na aliyekuwa mhudumu wa baa New York miaka michache tu nyuma. Waliomlipa nao hawakuwa na uhakika naye: matangazo ya mwanzo ya filamu yalitanguliza picha ya jengo kuliko uso wake. Naomba hilo la tangazo likumbukwe, nitalirudia.

Hudson Hawk ya 1991 ni mbaya, sina namna nyingine ya kulisema. Nimeimaliza kwa kujilazimisha. Lakini ndiyo iliyonifunza jambo kuhusu ubishi wetu, kwa sababu humo Willis anajituma kuliko kwingine kote. Hadithi alishiriki kuibuni mwenyewe. Anaimba, anaruka, anacheza dansi katikati ya wizi, anatupa utani kila baada ya sekunde tano. Ikapewa tuzo ya Razzie ya filamu mbaya kuliko zote za mwaka. Kwa hiyo jasho peke yake halitengenezi filamu nzuri, na mdogo wangu anapopima waigizaji kwa jasho lao anapima kwa mizani isiyofaa.

Kilichofuata ndicho kipindi ninachokipenda kuliko vyote. Baada ya kuanguka vile, alikubali nafasi ndogo katika Pulp Fiction, kwa mwongozaji kijana Quentin Tarantino, kwa bajeti ya dola milioni 8 hivi. Mwaka 1994 filamu hiyo ikachukua tuzo kuu ya tamasha la Cannes. Anacheza bondia aliyewasaliti majambazi, na kuna dakika moja ambapo ameshapata upenyo wa kutoroka, anasimama mlangoni, anafikiri, anarudi kumwokoa mtu aliyekuwa anataka kumuua. Haongei neno. Yote yamo usoni.

Mwaka 1995 alitoa Die Hard ya tatu, na mwaka huohuo akacheza 12 Monkeys ya Terry Gilliam. Zitazame siku mbili zinazofuatana kama nilivyofanya. Ya kwanza ni McClane mwenye kichwa kinachouma, anabishana na Samuel L. Jackson katika mitaa ya New York. Katika ya pili ni mfungwa kutoka wakati ujao, amenyolewa, mate yanamtoka, haelewi yuko mwaka gani, na anaposikia muziki kwenye redio ya gari anatoa kichwa dirishani na kulia kama mtoto. Nilimwita mdogo wangu aje atazame kipande hicho tu. Alisimama mlangoni hadi kikaisha, akasema, "Hapa sawa."

Kisha The Sixth Sense, 1999. Hakuna bunduki mkononi mwake. Ni daktari wa akili anayekaa na mtoto mwenye hofu, anaongea kwa sauti ya chini, anamsikiliza. Iliingiza zaidi ya dola milioni 670 duniani kote. Mwisho wake sitausema, maana bado kuna watu hawajaiona na ni haki yao kushtuka kama tulivyoshtuka sisi. Nitasema hivi tu: ukishaujua mwisho, itazame upya, umwangalie yeye peke yake. Kila tukio lilipaswa kuwa na maana moja kwa mtazamaji wa mara ya kwanza na maana nyingine kwa mtazamaji wa mara ya pili, na amezibeba zote mbili bila kukosea popote.

Mwaka uliofuata, na mwongozaji yuleyule M. Night Shyamalan, akacheza Unbreakable. Kwangu hii ndiyo kazi yake bora. Kuna tukio amelala anainua vyuma chumba cha chini ya nyumba, mwanawe mdogo anamwongezea uzito, na vyuma vinapoisha wananing'iniza makopo ya rangi. Baba anatambua kidogo kidogo kwamba hajui mwisho wa nguvu zake, na inamtisha. Mwingine angepiga kelele. Yeye ananong'ona. Wanaomwita mvivu wanachanganya utulivu na uvivu, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Zilizobaki za McClane nitazipitia haraka. Ya 1990 inachangamsha. Ya 2007 inamfanya mtu aliyekuwa anachechemea kwa sababu ya vioo arukie mgongo wa ndege ya kivita na kuteleza hadi barabarani bila kuvunjika mfupa, na hapo kanuni ya kibandani imerudi, steringi hafi. Ya 2013, inayotokea Moscow, ndiyo dhaifu kuliko zote tano. Humo ni kweli namwona mtu aliyechoka, na hadithi yenyewe haina pa kumshika mtazamaji. Hii siitetei. Na malalamiko hayakuwa ya watazamaji peke yao: mwongozaji Kevin Smith, aliyefanya naye filamu ya 2010, alisema hadharani kwamba kufanya kazi naye kulikuwa mzigo.

Lakini katikati ya hizo, mwaka 2012, kuna Looper. Joseph Gordon-Levitt anacheza mhusika wa Willis akiwa kijana, na alibandikwa pua na midomo ya bandia, akajifunza hadi namna ya kuongea kwa Willis. Ukiwaona wamekaa mezani wakitazamana, utajua kwamba namna ile ya kukunja uso, ambayo mdogo wangu anaiita uvivu, ni kitu kilichojengwa kwa miaka, na mwigizaji mzuri amelazimika kukisomea ili akiige.

Nimefika kwenye zile za 2021. Mwaka ule peke yake alionekana katika filamu nane za kiwango cha chini, na waandaaji wa Razzie wakaanzisha kipengele maalumu cha kumchagua Bruce Willis mbaya kuliko wote kati ya hizo nane. Tarehe 30 Machi 2022 familia yake ikatangaza kwamba ana afasia, hali inayomnyang'anya mtu uwezo wa kutumia lugha, na kwamba anaacha kuigiza. Siku iliyofuata Razzie wakaifuta ile tuzo. Kevin Smith akaomba radhi kwa maneno yake ya zamani. Gazeti la Los Angeles Times likaandika kwamba watu waliofanya naye kazi walikuwa wakimwona anapoteza maneno, kwamba alikuwa akisomewa maneno ya mhusika kupitia kifaa kidogo sikioni, na kwamba kazi yake katika baadhi ya filamu hizo ilibanwa iishe kwa siku mbili. Februari 2023 familia ikasema ugonjwa umejulikana vizuri zaidi: ni aina ya demenshia inayoharibu sehemu ya mbele na ya pembeni ya ubongo.

Nimezitazama upya zile tatu nikiwa nayajua hayo. Sasa ninaona kituo kirefu kabla ya kila jibu. Ninaona macho yanayosubiri. Mwaka ule niliandika kwenye mapitio yangu kwamba hakujisumbua hata kuyashika maneno yake, na nimeyafuta, kwa sababu siyo kweli na yalikuwa ya kikatili.

Hasira yangu ya mnunuzi lakini haijaisha, imehamia tu kwa wenye kustahili. Mwaka 1988 waliuza filamu yenye kazi yake yote huku wakiutanguliza uso wa jengo. Mwaka 2021 waliujaza uso wake kwenye kava na ndani wakaweka dakika chache za mtu anayeumwa. Mwenye kava anajua alichokiweka ndani. Ukikuta filamu za miaka ile dukani na uso wake umejaa kuanzia juu hadi chini, acha pesa yako mfukoni.

Ukitaka kumjua, mpe usiku tano: Die Hard ya kwanza, 12 Monkeys, The Sixth Sense, Unbreakable, Looper, kwa mpangilio huo. Mdogo wangu amezimaliza tatu. Bado anasema Cruise anajituma zaidi, na sibishani naye tena kuhusu hilo, maana yule bwana alivunjika kifundo cha mguu London mwaka 2017 akiruka kutoka paa hadi paa na bado akamalizia tukio. Ila neno mvivu hajalitamka tena.

Mimi nimebakiwa na kimoja ninachokitafuta. Willis alikuwa mtoto mwenye kigugumizi kule New Jersey, na aligundua kwamba akipanda jukwaani na kusema maneno ya mtu mwingine, kigugumizi kinaondoka. Ndicho kilichomfanya awe mwigizaji. Moonlighting, iliyompa jina kati ya 1985 na 1989, ilisifika kwa watu wanaojibizana kwa kasi, maneno juu ya maneno, bila kuvuta pumzi. Sijawahi kuiona hata sehemu moja. Mwenye nakala safi aniambie ilipo, nataka kumsikia akiongea.