Uzoefu wangu na MCP: andika maelezo ya zana kabla ya kuilaumu modeli

Tunatengeneza mfumo wa ratiba za boti hapa Lamu: Mokowe, Shela, uwanja wa ndege wa Manda, na safari ndefu za Pate, Faza na Kizingitini. Sehemu kubwa ya msimbo tunaiandika tukisaidiwa na wakala wa AI, yaani modeli ya lugha inayofanya kazi yenyewe kwa kuita zana (vijiprogramu vya kutafuta au kubadilisha kitu), na zana zake tumemuunganishia kwa MCP (Model Context Protocol). Naipendekeza MCP kwa yeyote anayefanya kazi ya namna hii, ila kwa sharti: maelezo ya zana yaandike mwenyewe, tena kwa utulivu.

Kwa asiyeijua, hii ni itifaki huria iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024. Unasimamisha seva ndogo, na kila zana unaipa jina, maelezo na skima ya JSON ya vigezo, yaani orodha ya taarifa inazopokea na namna ya kuziandika. Kuisimamisha si kazi. Kazi iko kwenye maneno, kwa sababu wakala haoni msimbo ulio nyuma ya zana. Anasoma hayo matatu tu, kisha anaamua aite ipi na aipe nini.

Zana tulizozikuta zilikuwa na maelezo ya mstari mmoja. Ya tafuta_safari yalisema "Hutafuta safari." Ya angalia_safari yalisema "Hupata taarifa za safari." Hebu niambie, wewe ungechagua ipi? Wakala naye alikuwa akibahatisha. Tukaandika upya ya kwanza hivi:

"Hutafuta safari zilizopangwa kwa tarehe moja, kutoka gati moja hadi jingine. Itumie ukiwa huna namba ya safari. Ukiwa nayo, tumia angalia_safari. Hairudishi safari zilizofutwa."

Msimbo wa zana haukuguswa, lakini kubahatisha kukaisha. Na ndiyo, maelezo ni ya Kiswahili, na wakala anayafuata bila shida.

Jambo lililotusumbua zaidi ni saa. Kigezo kiliitwa "saa", na maelezo yake yalikuwa "saa ya kuondoka". Nahodha akikwambia boti inang'oa nanga saa mbili asubuhi, kwenye hifadhidata hiyo ni 08:00. Wakala alisoma ratiba tuliyoandikiwa na manahodha, akatuma 02:00, akarudishiwa orodha tupu bila ujumbe wowote wa hitilafu. Akaamini kwamba msimbo wa utafutaji umeharibika, akaanza kuutengeneza msimbo uliokuwa mzima! Nilipofungua kumbukumbu za miito, yaani rekodi za kila zana aliyoiita na alichoipa, ndipo nilipoona chanzo. Sasa kigezo kinaitwa saa_ya_kuondoka_24, na maelezo yanasema: "HH:MM, mfumo wa saa 24, majira ya Afrika Mashariki. Ratiba za manahodha hufuata saa za Kiswahili: saa mbili asubuhi ni 08:00, saa mbili usiku ni 20:00."

Orodha tupu nayo ilihitaji kuelezwa. Boti za Pate zinapita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, na Mkanda unataka maji yajae, kwa hiyo saa ya kuondoka inahama kila siku na ratiba huchelewa kuingizwa. Mzee mmoja wa gatini aliniuliza, "Mwanangu, hiyo mashine yenu inajua habari za maji?" Haikuwa ikijua, na hakuna aliyeiambia. Tukaongeza: "Orodha tupu kwa safari za Pate, Faza au Kizingitini humaanisha ratiba haijaingizwa bado. Si hitilafu. Usibadilishe msimbo."

Anthropic wenyewe waliandika Desemba 2024 kwamba walipokuwa wakijenga wakala wao wa majaribio ya SWE-bench (kipimo cha uwezo wa AI kurekebisha hitilafu za msimbo), walitumia muda mwingi zaidi kwenye zana kuliko kwenye maagizo ya jumla. Modeli ilikuwa ikikosea njia za faili kila ilipohama folda ya mwanzo. Wakaifanya zana idai njia kamili ya faili, kuanzia folda ya juu kabisa, na makosa hayo yakakoma. Nasi tumefanya vivyo hivyo.

Lipo lisilonifurahisha. Kwa kawaida maelezo ya zana zote huingia kwenye muktadha wa modeli (maandishi yote inayoyasoma kabla ya kujibu), yakala tokeni, vipande vya maneno vinavyolipiwa, hata kama zana haiguswi. Ukirundika seva nyingi unalipia maneno yasiyokufaa kitu, na wakala anazidi kuchanganyikiwa na majina yanayofanana. Tumefuta zana kadhaa, na sijazikosa. Seva ya mtu mwingine nayo isome maelezo yake yote kabla ya kuiwasha, maana mwenye nia mbaya anaweza kuficha humo maagizo ambayo wakala atayatii.

Kila nikibadilisha maelezo, nafungua kikao kipya, nampa wakala kazi ile ile, halafu nasoma miito aliyoifanya mmoja baada ya mwingine. Jibu la mwisho naliangalia baadaye, kwa sababu linaweza kuwa sahihi ilhali njia aliyopita ni mbovu.