Usafiri wa kwenda Airport ya Dar: daladala, bajaji, teksi mtandao au dereva wako mwenyewe?

Naanza na hukumu kabisa ili mwenye haraka asihangaike. Kama ndege yako ni ya usiku wa manane au alfajiri, tafuta dereva unayemjua, wekeaneni ahadi tangu mchana wake, umemaliza. Kama ni ya mchana na una begi moja tu la mgongoni, daladala ya Gongo la Mboto inatosha kabisa na wala usione aibu, nani anakuangalia. Teksi mtandao ziko katikati hapo, kuna saa ni raha na kuna saa ni presha tupu. Na kama ndege inaruka usiku wa mapema, saa mbili saa tatu saa nne, yaani muda wako wa kutoka nyumbani unaangukia jioni na mji mzima unarudi makwao, basi panda chochote unachotaka, kitakachokuokoa ni saa uliyofunga mlango wa nyumbani tu.

Maana airport yenyewe haiko mbali jamani. Kutoka Posta ni kama kilomita 12, barabara moja Nyerere Road ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road, na saa nane usiku unafika dakika ishirini. Kilomita hizo hizo saa kumi na moja jioni zinakula saa nzima na zaidi, kwa sababu wewe unaenda upande ule ule wanaorudi watu wa Vingunguti, Kipawa, Ukonga, Gongo la Mboto, Pugu mpaka Chanika. Asubuhi mambo yanageuka, wao wanakuja mjini wewe unatoka, kwa hiyo ndege ya saa tano asubuhi kwa mtu anayekaa mjini au Upanga ni mteremko. Kwa anayetokea Gongo la Mboto ndo kinyume chake, asubuhi ndo kilio.

Mi hesabu yangu napiga kinyumenyume. Tuchukue ndege ya nje inayoruka saa kumi na moja jioni. Kaunta za mashirika mengi zinafungwa dakika 60 kabla, kwa hiyo saa kumi kamili ndo mwisho wa maneno, hata uje na mchungaji. Lakini kabla ya kaunta kuna ule ukaguzi wa mlangoni, mizigo yote inapita kwenye mashine, mkanda unavuliwa, simu na sarafu kwenye trei, na kukiwa na familia mbili tatu zinazohamisha nyumba nzima kwenye maboksi yaliyofungwa selotepu basi pale mlangoni mnasimama. Ukitoka kaunta uhamiaji, ukitoka uhamiaji unakaguliwa tena. Kwa hiyo mi nataka miguu yangu iwe pale mlangoni saa nane mchana, na HAPO ndo naanza kutoa muda wa barabara. Wengi wanatoa muda wa barabara kwenye ile saa ya ndege kuruka, ndo hao unawaona wanakimbia na mabegi huku mama yuko nyuma amebeba viatu. Ndege za ndani sina presha hivyo, saa moja na nusu mpaka mawili kabla inatosha.

Kingine ambacho kinaumiza watu kila siku ni tarehe. Tiketi imeandikwa 01:30 tarehe 15, hiyo ni saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 15, yaani nyumbani unatoka tarehe 14 baada ya chakula cha jioni. Mtu anakaa tarehe 15 mchana kutwa anapanga nguo, ndege ilishafika zamani huko. Kuna ndege kadhaa za kwenda nje kutoka Dar zinazoruka usiku, kwa hiyo hili si jambo la kupuuzia, andika kwenye karatasi ubandike ukutani siku ya KUTOKA NYUMBANI, achana na siku ya ndege.

Na terminal. Terminal 3, hili jipya lililofunguliwa Agosti 2019, lilijengwa kwa ajili ya ndege za kimataifa, Terminal 2 ndo lile la miaka ya themanini ambalo limekuwa likibeba ndege za ndani, na Terminal 1 ni la vindege vidogo, halipo pamoja na hayo mawili kabisa. Soma tiketi, usitegemee ulivyosafiri mwaka juzi, na mwambie dereva kabla hajakata kona, sio mkifika getini ndo unafungua simu kutafuta.

Haya, tuje kwenye usafiri wenyewe.

Daladala. Kwa pesa unayotoa hakuna kinachoshinda hii. Zinazokwenda Gongo la Mboto, Pugu, Chanika karibu zote zinapita pale, unashuka kituo cha Airport unamalizia kwa miguu. Shida yake ni begi. Konda akiona sanduku la magurudumu uso unabadilika palepale: "Dada, hilo lilipie siti, abiria wangu watakaa wapi?" Usibishane naye, mlipie, mana ukibishana utasimama nalo katikati ya njia kila anayeshuka anakukanyaga na mwisho mnagombana na gari zima. Halafu siti ya karibu na mlango ndo nzuri, utashuka bila kurukwa rukwa. Lakini gari hiyo ikiwa haijajaa inasimama kila kituo inapiga debe, kwa hiyo kwenye hesabu yako ongeza nusu saa ya debe hahaha sitanii. Mchana naipa nane kwa kumi, jioni mbili, usiku wa manane haipo.

Teksi mtandao. Bei yake ukilinganisha na zile teksi za kijiweni ni nafuu, na mchana zinapatikana chapchap. Ila sote tunaujua huu mchezo, unaita gari, dereva anapokea, halafu simu inalia: "Habari bosi, unaelekea wapi? Airport? Unalipa keshi? Sawa nakuja." Baada ya dakika tano unaangalia ramani kigari kimesimama palepale kama kimepigwa msumari, anasubiri wewe ndo ukansel. Au anafika anakwambia hii bei ya kwenye simu haimlipi, umuongezee. Ukiwa unaenda Kariakoo unamcheka unaita mwingine, ukiwa na ndege huna ujanja huo na yeye anajua. Kwa hiyo mi sheria yangu ni moja, kwa airport gari iitwe nusu saa kabla ya muda niliopanga kutoka, ikija mapema ni heri nimlipe ya kusubiri. Jioni mvua ikiwa inanyesha usiitegemee kabisa, bei inapanda mara mbili na bado haiji. Naipa sita, na hiyo sita ni kwa sababu ya saa za mchana tu.

Bajaji nazipenda kuliko watu wanavyozidharau. Ukiwa unatokea karibu, Tabata, Segerea, Kiwalani, Yombo, Buguruni, bajaji inapenya vichochoro gari haliingii na mabegi mawili yanakaa vizuri nyuma. Muulize mapema tu kama anakufikisha mpaka mlangoni au anakuacha barabarani, usije ukaburuza sanduku juani. Bodaboda sizungumzii sana, kwa mtu mmoja mwenye kibegi aliyeshachelewa ndo mkombozi wake, mwingine yeyote abaki nyumbani.

Dereva wako mwenyewe ndo namba moja kwangu na sitabadilisha. Sio lazima awe na gari ya kifahari, awe mtu anayeokota simu. Unamwambia "kaka, kesho kutwa saa tano usiku uwe mlangoni, T3", jioni yake unampigia tena kumkumbusha, na yeye akiona uko kimya anakupigia mwenyewe. Bei kubalianeni kabla, na iwe bei ya safari nzima sio "tutaongea". Anajua njia za panya, anajua leo barabara ya Mandela imefungwa, na ukisahau pasipoti mezani anageuza gari bila kukuimbia.

Njia sasa, na hapa ndo muda unapotea hasa. Watu wa Mbezi, Kimara, Ubungo, Sinza wengi wanashuka na Mandela Road, Tabata, Buguruni, mpaka Tazara inapokutana na Nyerere Road. Ile flaiova ya Mfugale ya hapo, iliyofunguliwa 2018, ni nzuri mno kwa anayetoka mjini, anapita juu kama hakuna taa duniani. Ila wewe unayetoka Buguruni haikusaidii sana, unabaki chini kwenye mataa na unatakiwa ukate kulia kuelekea airport, na malori ya makontena ya bandarini yamekubana mbele na nyuma. Taa inawaka kijani yanapita malori manne, nyekundu. Dereva anazima injini, anashusha kioo, wanakuja vijana wa maji na korosho na chaja za simu, mnanunua maji, taa inawaka tena, mmesogea mita thelathini. Pale peke yake usiku naweka dakika tano, jioni naweka arobaini.

Ndo maana kwa anayetokea Mbezi, hasa wale wanaoshuka mabasi ya mikoani pale stendi ya Magufuli Mbezi Luis, mi nawaambia waiulizie njia ya Malamba Mawili na Kinyerezi. Haikushushi mpaka Ubungo, inakatiza nyuma huku inakutoa maeneo ya Segerea na Banana, na hapo airport ni pua na mdomo. Ina mabonde na ina bajaji nyingi na kuna vipande gari inakwenda pole, lakini inakwenda, haisimami, na mi bora kwenda pole kuliko kukaa Buguruni natizama tela la lori. Wa Kigamboni wana bahati yao, daraja la Nyerere linawatoa Kurasini wanaingia Mandela na pale Tazara wanakata kushoto, kushoto siku zote kunaenda haraka. Kivuko siku ya safari usithubutu. Wa Temeke na Mbagala ile ya Davis Corner, Vituka mpaka Jeti inawafaa, hamna haja ya kwenda mpaka mjini kuzunguka.

Watu wa Moro na Dodoma siku hizi wanakuja na SGR, hii treni ya umeme, tangu 2024, na hili kwa kweli limebadilisha mambo, zamani ulikuwa unalala Dar siku nzima kabla kwa kuogopa basi kuharibika njiani. Sasa wengi wanakuja mpaka stesheni ya mwisho pale mjini halafu wanapanda gari kurudi tena kule kule walikotoka, ukifika saa ya foleni unakula jioni yote. Treni ya kawaida, sio ile ya haraka, inasimama Pugu. Ukishuka Pugu uko upande wa airport tayari, unakuja nayo barabara ya Gongo la Mboto. Ila jioni tu na mchana, asubuhi upande huo ndo unafurika na hapo bora uende nayo mpaka mwisho.

Mvua na misafara ndo vitu viwili ambavyo hata dereva wangu haviwezi. Masika, Machi mpaka Mei, Jangwani ikijaa Morogoro Road inakatika na magari yote yanayotakiwa kupita kule yanahamia Mandela, kwa hiyo hata kama wewe huendi Jangwani inakuhusu. Misafara ndo usiseme, kiongozi anakwenda au mgeni anakuja, Nyerere Road inafungwa, trafiki kasimama katikati na fimbo yake, hakuna boda hakuna bajaji hakuna "afande nina ndege". Kukiwa na mkutano mkubwa mjini angalia taarifa ya habari jana yake, wageni wa nchi wakitajwa basi ongeza saa nzima ukasubirie airport unakunywa chai. Chai ya kule ni ghali, beba maandazi yako.

Nimeulizwa pia kuhusu kurudi. Kurudi hamna presha ya muda, presha ni ya mfuko, zile teksi zilizoko pale nje bei yao inakuwa juu na usiku inakuwa juu zaidi kwa sababu wanajua umechoka. Kama huna begi kubwa tembea mpaka barabarani mchana, usiku usifanye hivyo. Na kama ni yule dereva wako, mtumie namba ya ndege sio saa ya kutua, ndege zinachelewa, yeye anaangalia mwenyewe mtandaoni anatoka kwake ikishakaribia, hamgombani pesa ya kusubiri.