Gari linachemsha? Feni ya rejeta ya kununua, na ya kuiacha dukani

Gari likichemsha kwenye foleni kisha likapoa ukishika mwendo, mshuku feni. Likichemsha ukiwa kilomita 80 kwa saa, feni haihusiki, kwani upepo wa mwendo unatosha. Hapo kagua rejeta iliyoziba, themostati (vali inayoruhusu maji ya injini kupita) iliyoganda au pampu ya maji.

Usitoe hela kabla ya kupima mota. Zima injini, chomoa soketi ya feni, ivutie umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa waya wenye fyuzi, vidole vikiwa mbali. Ikizunguka kwa nguvu, feni ni nzima. Tafuta fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) au swichi ya joto, vitu vya bei ndogo. Ikigoma, igonge kidogo mgongoni kwa mpini wa bisibisi. Ikishtuka ikazunguka, kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota zimekwisha, na itakuzimikia tena.

Chaguo letu la kwanza ni feni iliyotumika kutoka Japani, ya modeli yako, ikiwa kamili na fremu yake. Mota ni ya kiwandani na bei inabebeka. Nenda Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, kwenye maduka ya spea, na ya zamani mkononi, ulinganishe soketi, matundu ya bolti na upande mapanga yalikolalia. Tikisa panga: likicheza, bushi inayoshika mhimili wa mota imekwisha. Kisha muuzaji aiwashe kwa betri mbele yako. Iondoke papo hapo, bila kukwaruza wala harufu ya kuungua.

Pili ni mpya halisi. Kwa ubora ndiyo ya kwanza, bei ndiyo inayoishusha. Inunue kama gari utakaa nalo miaka. Tatu ni mpya ya kuiga. Ipime uzito na yako; mota nyepesi mno iache.

Ya mwisho ni feni ya kubandika isiyo na fremu. Huvuta hewa katikati tu, pembe za rejeta zikabaki na moto. Vile vibano vya plastiki vinavyopenyezwa kwenye rejeta husugua mirija mpaka ivuje.

Fundi akitaka kuiunga feni iwake muda wote, mkatalie: mota itachakaa mapema na swichi mbovu itabaki palepale.

Ukishafunga, subiri feni iwake, kisha sogeza karatasi mbele ya rejeta. Ikivutwa, sawa. Ikisukumwa, nyaya zimegeuzwa.