Kipimo cha DEXA Upanga, na chupa ya dawa ya damu iliyokuwa kwenye mkoba wangu

Nina miaka 56, ni fundi cherehani wa Tanga. Mwezi wa tatu niliteleza uani nikianika nguo, mkono ukavunjika. Daktari aliyenifunga plasta akasema mfupa mzima hauvunjiki kwa kuanguka namna ile, nenda Dar ukapime uimara wa mifupa kwa mashine ya DEXA. Nikapanda basi.

Kipimo chenyewe hakina tabu. Unavua chochote chenye chuma, unalala chali mezani, mkono wa mashine unapita juu ya kiuno na nyonga. Dakika kumi, hakuna sindano, na mionzi yake ni midogo kuliko picha ya kifua. Majibu huja kwa alama zinazolinganisha mfupa wako na wa kijana mwenye afya: nyonga ilisoma -2.1, uti wa mgongo -2.6. Kuanzia -2.5 kushuka chini ndiyo osteoporosisi, ugonjwa wa mifupa kuwa dhaifu.

Sifa zangu zote nampa daktari, binti wa umri wa mwanangu. Alinisalimu shikamoo, akauliza, "Mama, unameza dawa gani?" Nikatoa dawa ya kuongeza damu, vile vidonge vya madini ya chuma. Niliianza nikiwa na miaka 40, nina uvimbe kwenye kizazi na damu ya mwezi haikatiki. Hedhi ilikoma nikiwa na 51, dawa sikuacha. Duka la dawa waliniuzia miaka yote hiyo bila kuniuliza neno.

Alichukua karatasi akachora mfupa. Ndani kuna uboho, na humo seli mama ileile yaweza kuwa mjenzi wa mfupa au seli ya mafuta. Estrojeni, homoni ya kike, ikipungua hedhi inapokoma, seli mama nyingi hugeuka mafuta na wajenzi wanapungua. Papo hapo ile damu iliyokuwa ikitoka na chuma kila mwezi imekoma, kwa hiyo chuma kinajikusanya mwilini. Kikizidi, kinawadhoofisha wajenzi na kuwapa nguvu seli zinazokula mfupa. Kikipungua nako ni hasara, maana kolajeni, protini inayoshikilia mfupa, haikamiliki bila chuma. Ndipo akaniandikia kipimo cha feritini, yaani akiba ya chuma. Yangu ilikuwa juu. Vidonge akavisimamisha siku hiyohiyo.

Sasa lawama. Miadi ilikuwa saa mbili asubuhi, niliitwa saa tano. Feritini haimo kwenye bei ya kipimo, na bei yenyewe ni sawa na ushonaji wa magauni mawili ya harusi. Bango la mlangoni linasema "uchunguzi kamili wa mifupa", lakini DEXA haioni mafuta ya uboho. Hayo yanataka MRI, mashine nyingine ya picha. Majibu yote yameandikwa kwa Kiingereza, na mama niliyekaa naye kwenye benchi alitoka na karatasi yake bila kuelezwa kitu. Hilo liliniuma.

Hata hivyo nendeni, na mwombe feritini pamoja. Mimi nitarudi baada ya miaka miwili.

Mdogo wangu wa Pongwe ana miaka 41 na hedhi nzito. Aliposikia habari yangu alitaka kutupa vidonge vyake. Nimemkataza. Kwanza akapime.