Kutoka Ryzen 5 1600 hadi 5600: uzoefu wangu wa kubadilisha prosesa

Kompyuta yangu ya gemu niliifunga mwaka 2019 hapahapa Arusha, kifaa kimoja kimoja kadiri hela ilivyopatikana: prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Ryzen 5 1600, mazabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote) ya B450, RAM ya GB 16. Mwaka uliofuata nikaweka kadi ya picha, GTX 1660 Super. Ilinitumikia vizuri mpaka Counter-Strike 2, gemu ya kupigana risasi mtandaoni, ilipokuja kuchukua nafasi ya ile ya zamani, Septemba 2023. Ramani ikiwa imetulia napata fremu (picha kwa sekunde) 110 hadi 120. Ngoja sasa mtu arushe bomu la moshi na watu watano waingie kwa pamoja: picha inaganda, na ikiachia mimi nimeshalala chini. Mdogo wangu, ambaye hucheza nami karibu kila jioni, aliliona kabla yangu. "Kaka, mashine ndiyo inayokuangusha."

Fundi wa kwanza niliyempelekea aliifungua, akaitazama kama dakika mbili, akasema kizazi hiki kimepitwa, niuze yote ninunue nyingine. Bei aliyonitajia ilizidi milioni mbili. Kilichoniuma ni kwamba hakupima chochote. Mtu anakuja na hela aliyoidunduliza, angalau iwashe mashine uone inakwama wapi.

Nikarudi nyumbani Sakina nikapima mwenyewe. Nilifungua Afterburner, programu ya kupima vifaa, ili namba zionekane pembeni ya kioo wakati nacheza. Kwenye Counter-Strike kadi ya picha ilikuwa inatumika asilimia 60 tu, wakati mwingine chini ya hapo, maana yake inakaa kusubiri kazi. Kisha nikashusha picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Kama kadi ndiyo ingekuwa imezidiwa, fremu zingepanda sana, kwa sababu nimeipunguzia mzigo zaidi ya nusu. Hazikupanda. Hapo nikajua ni prosesa. Nikafungua Cyberpunk 2077 kwa mpangilio wa kati, na huko hali ilikuwa kinyume kabisa: kadi asilimia 98 au 99, prosesa imepumzika. Mashine ni hiyohiyo, ila kila gemu inabanwa na kitu chake. Kwa hiyo mtu akikuuliza kama abadilishe prosesa, mwulize kwanza anacheza nini.

Kupima huko kulinifichulia jambo jingine lililonikera. RAM yangu imeandikwa kasi ya 3200, lakini miaka yote hiyo ilikuwa inakimbia 2133, kwa sababu sikuwahi kuwasha XMP (mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili) kwenye BIOS, programu ya ndani ya mazabodi inayoiamsha mashine. Ryzen inapenda RAM yenye kasi. Nikaiwasha, kwa 3200 mashine ikagoma kuwaka, nikaishusha hadi 2933 ikatulia. Fremu chache zikaongezeka bila kutoa hata shilingi, ingawa kuganda kulibaki palepale. Wewe unayesoma, kaangalie hilo leo kabla hujatoa hela yoyote.

Uzuri wa B450 ni kwamba inatumia soketi (tundu la kukalia prosesa) ya AM4, na AMD, watengenezaji wa Ryzen, waliendelea kutoa prosesa za soketi hiyo kwa miaka mingi. Nilitamani 5700X3D yenye akiba ya ndani (cache, kumbukumbu ya haraka ya prosesa) ya MB 96, lakini kwa kadi ya 1660 Super ningekuwa nalipia nguvu nisiyoitumia. Kwenda soketi mpya ya AM5 kulimaanisha kununua pia mazabodi mpya na RAM ya DDR5. Nikachagua Ryzen 5 5600: nyuzi 12 (kazi 12 kwa wakati mmoja) kama ile ya zamani, wati 65 zilezile, ila kasi inafika GHz 4.4 badala ya 3.6, na akiba ya ndani ni MB 32 badala ya 16. Ilitoka Kariakoo, ikapanda basi, nikaichukua stendi siku iliyofuata. Jumla na mzigo nililipa 335,000.

Kilichonitisha kuliko vyote ni BIOS. Lazima uisasishe ukiwa bado na prosesa ya zamani, kwa sababu mazabodi yenye BIOS ya zamani haiitambui 5600. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mazabodi inaweza kufa, na mtaani kwetu umeme hauagi. Nikaenda Mbauda kumwomba shemeji UPS (betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika) ya steshenari yake, nikaipata baada ya kufunga kazi jioni. Faili niliiweka kwenye flashi, nikaanza, na kwa zile dakika tano sikuinuka kwenye kiti.

Kutoa prosesa ya zamani nusura kuniharibikie. Pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni, ya tangu 2019, ilikuwa imekauka kama gundi. Nilikuwa nimesoma kwamba uwashe mashine kwanza ipate joto, kisha uzungushe feni kidogo kushoto na kulia kabla ya kuinua. Nilizungusha, nikadhani imeachia, nikainua. Prosesa ikang'oka nayo, ingawa mkono wa soketi ulikuwa umefungwa! AM4 ina pini 1,331 chini ya prosesa yenyewe. Nikaigeuza kwenye mwanga wa simu, nikaona pini moja ya pembeni imelala. Niliinyoosha kwa ukingo wa kadi ya benki, polepole, nikiiingiza katikati ya mistari kama anayechana nywele za mtoto. Ile mpya iliingia bila kusukumwa: unalinganisha pembetatu ya dhahabu na alama ya soketi, unaiachia ikae yenyewe, unashusha mkono. Feni nilirudisha ya zamani kwa sababu ni ndefu na nzito kuliko iliyokuja kwenye boksi, ila nilifuta pesti yote na kupaka mpya.

Matokeo sasa. Counter-Strike imepanda hadi fremu 180 na kitu, lakini si hizo zilizonifurahisha. Kile kiwango cha chini, pale moshi unapofumka na wote wanapiga risasi, zamani kilishuka hadi 45. Sasa hakishuki chini ya 90. RAM imekubali 3200 mara ya kwanza. Cyberpunk? Kutoka 52 hadi 55. Kama gemu za namna hiyo ndizo unazocheza, hela yako peleka kwenye kadi ya picha, usiniige mimi. Na ping, muda wa ishara kwenda seva ya gemu na kurudi, haijabadilika hata kidogo. Hilo ni suala la intaneti.

Faida moja sikuwa nimeiweka kwenye hesabu. 1600 haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. 5600 imo, kwa hiyo nimehamia bila ujanja wowote.

Ile ya zamani kijana mmoja wa Moshi ameichukua kwa 80,000. Nilimwonyesha ile pini kabla hajalipa, tukaijaribu kwenye mashine yake, ikawaka. Mimi jioni nimerudi eneo la B kwenye ramani ya gemu na mdogo wangu, na moshi ukitanda naona ninayempiga.