Stesheni ya Tabora: lijue behewa lako kabla hujashuka

Nimepita Tabora mara tatu nikienda Mwanza kwa treni ya reli ya kati. Kwa anayesafiri mara ya kwanza nina neno moja: usishuke kunyoosha miguu kabla hujalijua vizuri behewa lako. Tabora ndipo treni iliyotoka Dar es Salaam inapokatwa. Mabehewa ya Kigoma yanaendelea magharibi kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza, ya Mwanza yanashika kaskazini kupitia Isaka na Shinyanga. Njia ya Mpanda inachepuka mbele kidogo, pale Kaliua.

Safari ya mwisho nilikuwa na shangazi yangu, yeye anakwenda Kigoma. Tangu Dar kila mmoja alikaa behewa lake, tukawa tunakutana kwenye behewa la chakula. Tulifika Tabora giza limeshaingia.

Kama huna haraka, simama utazame mabehewa yakipangwa. Kijana mwenye kizibao cha kung'aa aliingia katikati ya mabehewa mawili, akachomoa mpira wa breki, upepo ukatoka kwa kishindo, kisha akafungua kiungo. Akajitoa pembeni, akapunga taa yake. Kichwa kikavuta sehemu yake hadi gizani, kikarudi taratibu kwenye njia nyingine, na mabehewa yalipogusana mlio ukapita kutoka la kwanza hadi la mwisho. Ndiyo maana nasema lijue behewa lako: ukirudi, huenda halipo pale ulipoliacha. Kariri namba yake, na ukiona limesogezwa muulize mfanyakazi wa treni, usimuulize abiria mwenzako.

Kupanga huko kunachukua muda, na mimi siuonei uchungu. Reli ya Wajerumani ilifika hapa mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928, wakati wa Waingereza. Tangu hapo watu wa maziwa yote mawili, Tanganyika na Victoria, wanapishana Tabora, na jukwaani utasikia Kiha, Kisukuma na Kinyamwezi kwa wakati mmoja.

Chakula hutakosa. Kuna chai ya moto, mayai ya kuchemsha, karanga, wali kwa kuku. Ila mimi hushuka kwa ajili ya asali. Mama niliyenunua kwake aliniambia, "Mwanangu, usionje kwanza. Pindua chupa." Nikaipindua kwenye mwanga wa taa ya stesheni. Povu moja kubwa likapanda polepole mno, kama halitaki kufika juu. Akasema iliyochanganywa maji povu lake hukimbia. Nilichukua chupa mbili, moja nikampelekea shangazi dirishani. Beba pesa ndogondogo. Treni ikipiga honi hakuna muda wa kutafuta chenji.

Mabehewa ya Kigoma yalitangulia kuondoka. Shangazi alinishika mkono kupitia dirishani hadi yalipoanza kusogea.

"Ukifika Mwanza nipigie, hata kama ni usiku."

"Sawa shangazi. Wasalimie wote."

Nilisimama mpaka taa nyekundu ya behewa la mwisho ikapotea, ndipo nikaenda kutafuta behewa langu. Lilikuwa limehamishiwa njia ya pili.